Miaka ya Kuazima

Sehemu ya Kumi na Mbili

"Muulizeni mama yangu."

Kwa maneno hayo matatu kijana Anselmo alitufungia mlango juma lililopita, na hadi leo mlango haujafunguliwa. Ndani ya chumba cha mahakama ya watoto, hapa San Pedro de Macorís, macho yote yamemgeukia Nereida. Macho ya jaji. Macho ya karani. Na macho ya mumewe Fausto, ambayo ndiyo yaliyomchoma kuliko yote.

"Mama," alisema Jaji Brea, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua, "kijana wako amesema mbele yangu kwamba hana miaka kumi na sita. Amesema ana kumi na minane. Cheti cha kuzaliwa kinasema kumi na sita. Uliyemzaa ni wewe. Ana miaka mingapi?"

Nereida alifungua mdomo. 

Wewe ambaye jirani alikufungia samaki kwenye ukurasa wa juma lililopita kabla hujausoma, sogea nikusimulie upesi. Nereida na Fausto walizaa wavulana wawili katika kambi ya wakata miwa. Mkubwa, Anselmo. Mdogo, Wilkin. Wilkin alikufa kwa homa ya dengu akiwa na miaka minne. Kule kambini mtoto akifa anazikwa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyekwenda mjini kwa msajili kuandikisha kifo. Kwa serikali, Wilkin aliendelea kuishi.

Miaka ikaenda. Anselmo akawa na mkono wa kurusha mpira wa besiboli ambao watu walikuwa wakiacha kazi kuja kuutazama. Akatokea Kocha Quirico, mtu anayeokota watoto viwanjani na kuwalea kwenye bweni lake mpaka klabu za Marekani zije kuwachagua. Alimtazama Anselmo akirusha, akasikitika. Mkono mzuri, alisema, lakini umri hautamngoja. Klabu zinataka kinda wa miaka kumi na sita, na huyu akifika hapo atakuwa bado hajajaza kifua; laiti cheti kingempunguzia miaka miwili.

"Si mlikuwa na mwingine?" akauliza.

Basi ikawa hivyo. Aliyekuwa kaburini akafufuliwa. Aliyekuwa hai akasemwa amezama baharini, katika zile mashua za kwenda Puerto Rico kwa siri. Familia ikahamia mjini, mahali wasipojulikana. Na Nereida, mama mzazi, alilia kwa kwikwi mbele ya majirani wapya, akimlilia Anselmo aliyekuwa chumba cha pili anakula wali na maharage.

Miaka mitano kijana amekuwa akiitikia jina la marehemu mdogo wake. Halafu akachoka. Akatorokea milimani Constanza kwa mama yake mdogo, Zunilda, anavuna vitunguu saumu mchana na jioni anasoma. Fausto na Kocha wakaenda polisi: mtoto mdogo ametoroshwa! Askari wakamrudisha. Zunilda akafunguliwa kesi ya kuficha mtoto wa watu bila ruhusa ya wazazi.

Sasa umeelewa uzito wa swali la jaji. Kama kijana ana miaka kumi na minane, yuko huru kwenda atakako, na kesi ya Zunilda inaanguka. Kama ana kumi na sita, anarudi kwa baba, na baba anamrudisha kwa Kocha.

Lakini mama akisema kumi na minane, lazima aseme pia cheti kile ni cha nani. Na kwa hilo watu wanafungwa.

Chini ya meza, kiatu cha Fausto kilikanyaga cha Nereida. Si kwa nguvu. Kilikanyaga kama mtu anayeomba.

"Kumi na sita," Nereida alisema.

Karani akaandika.

Nereida alitarajia mwanawe apige kelele, amwite mwongo mbele za watu. Ingekuwa nafuu. Anselmo hakufanya hivyo. Alitikisa kichwa kidogo tu, kukubali, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiletewa kijiko cha dawa chungu. Kisha akainamisha macho.

Ee Mungu, Nereida aliwaza, mtoto huyu amenizoea.

* * *

"Nisikilize, kijana," Jaji Brea alisema, na sauti yake ikalegea. "Sheria haikukufanya mbuzi wa kufungwa kamba. Una haki ya kusikilizwa, ndiyo maana umekaa hapo. Ukipigwa, ukinyimwa shule, ukitumikishwa, naweza kukutoa kwa wazazi wako leo hii na kukupeleka kwa ndugu mwingine. Lakini kuondoka nyumbani kwa sababu umeamua tu, bila ruhusa yao, hilo huna mpaka utimize kumi na minane. Sasa niambie. Umepigwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Umelazimishwa jambo lolote linalokudhuru?"

Nereida alimwona mwanawe akiushusha mkono wake wa kulia chini ya meza. Kiwiko kilikuwa kimevimba kama embe bovu. Kwenye bweni la Kocha wanakidunga sindano ili kisiume siku ya kurusha, na mama alijua, na baba alijua.

"Hapana, Mheshimiwa. Hakuna aliyenidhuru."

Anatulinda, Nereida aliwaza. Mimi nimemkana, yeye anatulinda.

Jaji alimtazama kijana kwa muda, kama mtu anayesikia harufu ya moshi na hajui unatoka wapi. Kisha akamgeukia Fausto.

"Mzee, kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mtoto akishatimiza miaka kumi na mitano, baba yake anaweza kumwachilia. Huendi mbali. Unakwenda kwa hakimu wa amani, jengo la pili hapo, unasema kwa mdomo wako kwamba unamweka huru, karani anaandika, basi. Kijana anaishi anakotaka, na huyu shemeji yako hana kesi. Tokeni nje, mkazungumze kama familia. Mkirudi nitaamua."

Moyo wa Nereida uliruka. Neno la baba tu! Hakuna wa kufungwa, hakuna wa kuumbuka, hakuna wa kufufua wala kuzika. Alitoka chumbani karibu akimbie.

* * *

Nje kwenye ukumbi, vita ilikuwa imeshaanza.

"Wewe mzee wa mayai," Zunilda alikuwa akisema, mikono kiunoni, "umekuja kuangalia ng'ombe wako kama bado anatoa maziwa?"

Kocha Quirico alikuwa ameegemea ukuta, kofia mpya kichwani, kijiti cha meno mdomoni. "Shemeji, punguza sauti. Hapa ni mahakamani."

"Shemeji yako tangu lini? Nani katika ukoo wetu alikosa haya kiasi hicho?"

"Mtoto huyo nimemlisha miaka mitano. Mayai kila asubuhi. Nyama. Ndizi za kuponda. Muulize dada yako kama aliwahi kumwona na tumbo tupu."

"Mayai alitoa kuku. Basi kuku naye aje adai mkataba."

Watu waliokuwa wakisubiri kesi zao walicheka. Hata askari wa mlangoni aligeuza uso ukutani. Kocha alitoa kijiti mdomoni, akakitazama, akakirudisha.

Nereida hakuwa na wakati wao. Alimvuta Fausto kwa mkono wa shati mpaka kwenye kona ya ngazi.

"Umemsikia jaji."

"Nimemsikia."

"Neno lako tu, Fausto."

Fausto alikuwa ameishika kofia yake, anaizungusha vidoleni. Mtu huyu anaendesha pikipiki ya abiria tangu alipoacha miwa, na uso wake umekauka kwa upepo hata ni vigumu kujua lini amehuzunika. "Unajua mtaani wananiitaje? Baba yake mrushaji. Nikipita, watoto wananipigia saluti. Mimi, Nereida! Mimi niliyeanza kukata miwa mkono hautoshi hata kushika mpini wa panga."

"Najua."

"Nilitaka mmoja wetu, mmoja tu, asiiname kwenye shamba la mtu. Yeye anakimbilia wapi? Kwenye vitunguu! Ameinama! Kwa mtu!"

"Wewe ulipelekwa, baba watoto. Yeye amechagua. Si kitu kimoja."

Fausto aliacha kuizungusha kofia. Baba watoto. Hakuwa ameitwa hivyo miaka mingi. Nyumbani kwao neno watoto lilikuwa limegeuka marufuku, kwa sababu mtoto alipaswa kuwa mmoja.

"Kile kiwiko," Nereida alisema polepole. "Anakificha ili wewe usifungwe. Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona na ukakaa."

"Na wewe ukakaa," Fausto alisema. "Sote tumekaa, mama."

Walisimama pale, watu wazima wawili, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Kisha Fausto alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Nitamwachilia," alisema.

"Unasema kweli?"

"Nitamwachilia, nimeshasema! Usinifanye nirudie, nitaghairi."

Sauti ilifika mpaka ukutani. Kocha aliwajia taratibu, viatu vyake vyeupe havipigi kelele. "Fausto, ndugu yangu. Siku ya kusaini na klabu imekaribia kama pua na mdomo. Ukisema neno hilo mle ndani, usije ukasema unanijua."

"Leo sikujui," Fausto alijibu.

Nereida angeweza kumbusu. Badala yake alikimbia kwa mwanawe.

* * *

Anselmo alikuwa kwenye benchi mwisho wa ukumbi, askari pembeni yake. Nereida alipitia kwa mwanamke wa kukaanga pale getini, akanunua chapati moja ya mafuta, ile nyembamba inayovunjika kama gamba, yanikeke yenyewe, ambayo kijana huyu alikuwa akiipenda hata akiwa na homa. Alimpa ikiwa bado moto.

"Kula, mwanangu. Yamekwisha. Baba yako amekubali. Unakwenda kwa hakimu wa amani, jioni unapanda basi na mama yako mdogo. Hakuna wa kukufuata tena."

Anselmo aliikata chapati katikati. Nusu akampa askari, ambaye aliitazama, akatazama huku na huku, akala.

"Anakwenda nani, mama?"

"Wewe. Nani tena?"

"Hakimu ataandika jina gani?"

Nereida aligeuza uso, akamtazama askari anayetafuna.

"Ataandika Wilkin," Anselmo alisema. "Anayeachiliwa ni Wilkin. Mimi bado niko chini ya bahari, pale mliponizamisha."

"Usiseme hivyo."

"Kule shuleni Constanza mwalimu anaita majina. Anasema, Wilkin! Nasema, nipo. Kila jioni nasema nipo, na kila nikisema naona kama nimenyang'anya kitu mkononi mwa mtoto. Nitaoa kwa jina lake? Mwanangu ataitwa mtoto wa Wilkin? Yeye mwenyewe atabaki na nini?"

"Alikuwa mdogo, Anselmo. Hajui."

Lilimponyoka. Anselmo. Hakuwa amelitamka kwa sauti nje ya nyumba tangu siku ya kuhama. Askari hakusikia, alikuwa anakung'uta makombo kwenye sare. Lakini kijana alisikia, na uso wake ukabadilika ghafla, ukawa wa mtoto mdogo aliyeitwa aje kula.

"Nikisema ukweli watanifunga," Nereida alinong'ona. "Na baba yako."

"Najua. Ndiyo maana nilitaja miaka, jina sikulitaja. Jina mlilichukua nyinyi. Nikilirudisha mimi nitakuwa nimewashtaki wazazi wangu, nami sitaki kuishi na hilo. Basi ukitaka niende kama Wilkin, nitakwenda kama Wilkin. Sitakulaumu, mama. Nimekwisha kukuzoea."

Nimekwisha kukuzoea. Neno lile lile alilokuwa amejiambia mwenyewe mle ndani, sasa limetoka kinywani mwa mwanawe bila hasira yoyote, na ndiyo sababu lilimuumiza.

Mlango ulifunguliwa. Waliitwa.

* * *

"Haya, baba," Jaji Brea alisema. "Mmekubaliana?"

Fausto alisimama. "Tumekubaliana, Mheshimiwa. Namwachilia."

Hata karani alitabasamu. Jaji alivuta karatasi karibu. "Vizuri sana. Natamani wazazi wote wangekuwa hivi. Nitaandika kwamba mnakwenda kwa hakimu wa amani leo. Wilkin, sheria inanitaka nikuulize na wewe. Unakubali?"

Anselmo alisimama. Hakumtazama jaji wala baba yake. Alimtazama mama, akangoja.

Nereida aliona kwamba angeweza kukaa kimya tu. Hakuhitajika kusema uongo mwingine. Kukaa tu, kama alivyokaa siku ya Kocha, kama alivyokaa mbele ya sindano. Kijana angesema ndiyo, jua lingekuchwa, wote wangelala majumbani mwao.

Miguu yake ilisimama kabla hajaiamuru.

"Mheshimiwa, nimesema uongo."

"Nereida!" Fausto alifoka.

"Keti, baba," jaji alisema bila kumtazama. "Mama, ngoja. Kabla hujaendelea, nisikilize vizuri. Neno lolote utakalosema sasa linaweza kukugeukia likawa kesi yako mwenyewe. Una haki ya kupata wakili kwanza."

"Wakili atanifundisha kunyamaza, Mheshimiwa. Kunyamaza nakujua."



"Huyu si Wilkin. Huyu ni Anselmo, mwanangu wa kwanza, ametimiza miaka kumi na minane mwaka huu, kabla hajatoroka, na sikumpikia hata keki, kwa sababu haikuwa siku yake kwenye cheti. Wilkin alikuwa mdogo wake. Wilkin..." Alimgeukia Anselmo. "Wilkin amekufa. Alikufa zamani. Nilimfunga kitambaa cha maji kichwani mpaka kikakaukia pale pale."

Ajabu yake, hakulia. Machozi ya uongo alikuwa ameyamwaga mengi kwa Anselmo aliye hai, na sasa alipoyahitaji ya kweli kwa ajili ya Wilkin, yaligoma.

Fausto alikuwa amesimama, jasho linamtiririka. "Mke wangu mgonjwa, Mheshimiwa! Mgonjwa wa akili tangu Anselmo alipozama baharini! Uliza mtaa mzima, alilia mpaka sauti ikakauka!"

Nereida alimgeukia. Mtu aliyemwambia Kocha "leo sikujui" dakika chache tu zilizopita alikuwa anamzamisha tena mtoto yule yule. Hakumchukia. Alimwona ameogopa tu, kama yeye alivyoogopa asubuhi.

Jaji Brea aliweka kalamu chini. "Mama, umeniletea jambo kubwa. Cheti kinasema vingine, mumeo anasema vingine. Kama kuna mtoto aliyekufa, kaburi liko wapi?"

"Kwenye makaburi ya kambi ya miwa, Mheshimiwa. Nakwenda kila siku ya wafu. Nampelekea mshumaa na kikombe cha maziwa yenye mdalasini. Kuna msalaba mweupe wa mbao."

"Umeandikwa jina?"

"Hapana."

"Kwa nini kaburi la mwanao halina jina?"

"Kwa sababu jina tulikuwa tunalitumia."

Karani aliacha kuandika.

Jaji alivua miwani, akaifuta, na wala haikuwa na vumbi. "Basi hili linaweza kujulikana. Nitaamuru kaburi lifunguliwe. Madaktari wakikuta mifupa ya mtoto wa umri huo, na wakapima wakaona ni damu yako, kijana huyu atatoka hapa na jina lake na miaka yake, na hakuna wa kumpa ruhusa wala kumnyima. Ukiwa umenidanganya tena, atarudi kwa baba yake na wewe utakwenda jela. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Lifungueni."

Hapo sauti ikasikika ambayo Nereida hakuwahi kuisikia katika ndoa yake yote. Ilikuwa kama ya mnyama aliyekanyagwa. Fausto alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Msilifungue lile," alisema.

"Kwa nini?"

"Si lake."

"Unasemaje?" Nereida aliuliza.

"Watu wa klabu walikuwa wanakuja kuuliza-uliza kule kambini. Kocha akasema msalaba wenye jina utatumaliza. Mimi sikuweza kuung'oa, Nereida. Nakuapia sikuweza. Akaenda mwenyewe. Nilipokwenda mimi baadaye, nyasi zilikuwa zimeota, mvua imepiga, na siku ya mazishi sikuwa na macho ya kushika mahali; nikatafuta, sikupaona. Nikamuuliza, akasema haina haja. Na wewe, uliyebaki nyumbani siku ya mazishi na hujawahi kuthubutu kwenda kaburini, siku ya wafu ilikuwa inakaribia, umeshanunua mshumaa." Aliiachia meza, akaiokota kofia yake. "Nikachonga msalaba, nikauchomeka popote. Popote tu. Miaka yote hii umekuwa ukimmwagia maziwa mtu tusiyemjua."

Nereida alikaa. Au alidondoka, hakujua. Alifikiria vikombe vile. Alifikiria nyimbo alizoimba akiwa amepiga magoti, kwa sauti ndogo, ili mtoto asiogope kule chini. Na mtoto alikuwa mahali pengine, kwenye giza lingine, anasikia mama akimwimbia mwenzake.

"Mimi napajua."

Alikuwa Anselmo.

"Mheshimiwa, mimi napajua. Si upande wa misalaba. Ni nyuma, karibu na ukuta wa mawe uliobomoka, pale reli ya mabehewa ya miwa inapopinda. Baba alinibeba mabegani ili nione. Wilkin hakuwa na viatu, alikuwa bado hajanunuliwa. Nikavua vyangu. Nikamwambia baba amvalishe. Vilikuwa vikubwa kwake, vya bluu, kimoja hakina kamba. Nilirudi nyumbani peku."

Fausto aliufunika uso kwa kofia yake. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" jaji aliuliza taratibu.

"Sita."

Jaji Brea alimtazama baba anayelia. Akamtazama mama. Mwisho akamtazama kijana kwa muda mrefu.

"Mtu hawezi kukumbuka mazishi yake mwenyewe," alisema. "Karani, andika. Kesho asubuhi mahakama inakwenda kambini. Viatu hivyo vikiwa pale..."

Hakumaliza. Mlango ulibamizwa ukagonga ukuta, na Zunilda akaingia mzima mzima, askari anamng'ang'ania mkono bila mafanikio.

"Amekimbia!" alipiga kelele. "Yule mzee wa mayai! Alikuwa ameweka sikio mlangoni, nilidhani anasinzia! Tumesikia sote kwamba mtoto anapajua, na yeye ameshuka ngazi kama kijana. Amechukua sepetu mbili za mtunza bustani pale nje, ametupa kwenye gari, ameshika njia ya mashamba ya miwa!"

 Jaji alikuwa wa kwanza kuelewa. Bila mifupa hakuna kifo. Bila kifo, Anselmo ni Wilkin mpaka mwisho wa maisha yake.

"Pigieni simu polisi!" alisema.

Lakini Anselmo alikuwa ameshavuka benchi. Mkono mbovu ameubana kifuani, mkono mzima umeshika mlango.

"Kijana!" Jaji Brea alisimama, sauti yake ikajaza chumba. "Kwenye karatasi zangu wewe bado ni mtoto! Huwezi kutoka humu bila ruhusa ya mzazi!"

Kijana aliganda pale pale, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Anayo ruhusa," Nereida alisema, akivua viatu vyake na kumfuata. "Anselmo, nimekupa mimi, mama yako. Kimbia!"